Kizazi na Uvimbe: Maneno Mawili Katika Mimba Moja

Neno kizazi lina maana zisizopungua mbili katika Kiswahili, nasi wanafunzi wa lugha huzitaja darasani kama mfano mwepesi wa polisemia, kisha tukapita. Kizazi ni watu wa zama moja. Kizazi pia ni kiungo kinachobeba mimba, na kwa wengi ni ule uwezo wenyewe wa kuzaa. Mnamo Agosti 2023 nililishuhudia neno hili likikaribia kumnyima shemeji yangu matibabu aliyoyahitaji sana, na tangu siku hiyo silioni tena kuwa mfano mwepesi. Habari ninayoisimulia ni ya ugonjwa. Hata hivyo, jarida hili ni la wana-Kiswahili, kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikisita mara kwa mara njiani kuyatazama maneno yenyewe.

Shemeji yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Wanaishi Gatwekera, katika mtaa wa Kibera. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 26 na mimba ya pili. Kaka yangu ni bawabu katika majumba ya Kilimani; hulinda usiku na kulala mchana, na akikosa zamu moja mshahara hukatwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Gatina, huko Kawangware, na vipindi vyangu vya chuoni vilikuwa vya alasiri. Ndiyo maana mimi, shemeji mdogo, niliishia kukibeba kijitabu cha kliniki cha mke wa kaka, jambo ambalo huko kwetu Vihiga lingezua vicheko. Mambo ya tumbo la uzazi huzungumzwa na wanawake kwa wanawake, tena kwa sauti ya chini, na kwa maneno ya kupitia kando.

Mimba ilikuwa ya wiki 15. Shemeji alikuwa akilalamika maumivu ya kuvuta upande wa kulia, na tumbo lilikuwa kubwa kuliko umri wa mimba. Bibi mmoja wa Kinubi kule Makina, mkunga wa miaka mingi ambaye wanawake wa Kibera humwendea hata baada ya kwenda kliniki, alilipapasa tumbo hilo akasema bila wasiwasi kwamba lina watoto wawili. Kaka yangu alifurahi kwa siku mbili, kisha akaanza kupiga hesabu ya maziwa. Shemeji ndiye aliyetaka uhakika, akatoa shilingi 1,500 kutoka akiba yake ya chama na kwenda kupigwa picha katika kliniki ya kibinafsi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mama mjamzito apigwe picha ya mawimbi ya sauti angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kibera, pendekezo hilo hutegemea unene wa mfuko wa mtu, na wanawake wengi huanza kliniki mimba ikiwa imekwisha kupita miezi mitatu au minne.

Alinipigia simu jioni.

“Shem, mtoto yuko sawa. Ni mmoja. Lakini wameona kitu.”

“Kitu gani?”

“Kitu tu. Pembeni.”

Kitu ni tasfida kongwe, na huenda ndiyo iliyo fupi kuliko zote. Karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, nusu ukurasa, na ilieleza kwamba katika ovari ya kulia palikuwa na uvimbe mgumu wa sentimita 14, usio wa maji, na kwamba mgonjwa aonwe na mtaalamu haraka iwezekanavyo.

Hapo ndipo lugha ilipoanza kutupiga chenga. Uvimbe ni nomino itokanayo na kitenzi vimba, na mipaka yake ni mipana mno. Mkono ulioumwa na nyuki una uvimbe. Jipu ni uvimbe. Mwenye fibroidi huambiwa ana uvimbe, mwenye kifuko cha maji kwenye ovari huambiwa ana uvimbe, na mwenye saratani ya titi huambiwa vivyo hivyo. Pale daktari alipo na majina matano au sita, muuguzi anayemfasiria mgonjwa ana moja, na mgonjwa hujichagulia maana kwa kadiri ya hofu yake. Ovari nalo ni neno la vitabuni. Shule zetu za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza, kwa hiyo hata aliyefika kidato cha nne aghalabu hajawahi kulisikia kwa Kiswahili, na asiyefika huko hana neno lolote la kukitofautisha kiungo hicho na mji wa mimba. Vyote huitwa kizazi. Watu wa pwani wana chango, lakini chango ni jina la maumivu kuliko la kiungo.

Tuliandikiwa barua ya kwenda hospitali ya umma. Siku tuliyopangiwa iliangukia maandamano ya upinzani ya tarehe 19 hadi 21 Julai, na mitaa yetu yote miwili, Kibera na Kawangware, ilifuka moshi wa matairi na gesi ya kutoa machozi. Magari ya namba 46 yalikuwa yametoweka. Nilitembea kwa Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, nikashika Barabara ya Ngong hadi Adams, nikajipenyeza karibu na soko la Toi, nikafika Gatwekera na kumkuta shemeji amelala ubavu, amefunga mlango kwa ndani. Hatukwenda popote. Tuliingia hospitalini Jumatatu ya tarehe 24.

Nieleze kwanza yale niliyoyaelewa baadaye, maana siku ile sikuelewa hata robo yake. Kuonekana kwa uvimbe kwenye ovari ya mwanamke mjamzito si ajabu kubwa. Yai linapotoka huacha nyuma kijifuko kinachotengeneza homoni za kuilinda mimba changa, na kijifuko hicho kinaweza kujaa maji kikaonekana kwenye picha. Kufikia wiki ya 10 hivi kondo la nyuma limekwisha kuichukua kazi hiyo, na kwa wanawake wengi uvimbe wa aina hiyo hunywea wenyewe kabla ya wiki ya 16. Unaobaki ndio unaowashughulisha madaktari, hasa ukiwa mkubwa na mgumu. Hata miongoni mwa hiyo inayobaki, ile ya saratani ni michache. Makadirio ya kawaida ni 1 hadi 6 kwa kila 100. Vipimo vya damu ambavyo kwa mwanamke mwingine vingesaidia kuibaini huvurugwa na mimba, kwa sababu mimba yenyewe hupandisha baadhi ya kemikali zinazotafutwa. Kwa hiyo daktari hawezi kujua kwa yakini mpaka autoe uvimbe na kuupeleka maabara, na kuutoa ni kumpasua mwanamke aliye na mtoto tumboni.

Wakati nao una masharti yake. Ukipasua mapema mno, huenda ukakiondoa kile kijifuko ambacho mimba bado inakitegemea. Ukichelewa mno, mji wa mimba umekua ukaifunika njia, na hatari ya uchungu kuanza kabla ya siku imeongezeka. Kipindi kinachopendelewa ni baada ya wiki ya 14 hadi karibu na wiki ya 20. Ukiuacha mpaka mama ajifungue, uvimbe unaweza kujisokota kwenye shina lake na kukata damu, unaweza kupasuka, unaweza kuziba njia ya mtoto, na kama ni saratani utakuwa umepewa miezi mitano ya kutembea. Baada ya picha ya pili, shemeji alipangiwa upasuaji katikati ya Agosti, mimba itakapokuwa ya wiki 18.

Daktari kijana alimweleza haya kwa Kiingereza, tena kwa upole, akachanganya na Sheng pale alipoweza. Kisha akaitwa kwingine. Muuguzi aliyebaki alikuwa na wadi nzima ya kuhudumia, naye akafupisha: “Mama, kizazi chako kina uvimbe. Kitatolewa.”

Mama yangu alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Luanda. Alimtazama muuguzi, akamtazama shemeji, akauliza kwa utulivu, “Wakitoa kizazi, huyo mtoto aliyemo atakaa wapi?”

Sijawahi kusikia uchambuzi wa semantiki ulio mkali kuliko huo. Kama kizazi ni nyumba ya mtoto, na nyumba inabomolewa, basi hospitali ilikuwa ikitangaza kifo kwa lugha ya adabu. Na kama kizazi ni uwezo wa kuzaa, basi ukoo ulikuwa ukifungwa kwa wino wa fomu ya idhini. Shemeji alikataa kuitia sahihi. Mama alisema wangerudi wote Vihiga siku inayofuata. Kaka yangu, kwenye simu, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atafuata asemalo mama.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Kawangware aliyekuwa ametolewa uvimbe wa aina iitwayo teratoma, ambayo ndiyo aina inayobaki mara nyingi zaidi katika mimba na kwa kawaida si saratani. Hutokana na seli mama za mayai, zile ambazo zina uwezo wa kuwa kiungo chochote, na ndani yake mara nyingi hupatikana mafuta, nywele, hata meno. Yule mama alikuwa ameonyeshwa nywele. Wadi nzima ilijua. Waliokuja kumwona walimnong’oneza kwamba nywele haziingii tumboni kwa njia ya halali, na kwamba amtafute aliyemfanyia. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka, lakini mama yangu hakucheka, na habari hiyo iliongezwa kwenye mzigo wa sababu za kurudi nyumbani.

Nilimngoja daktari mlangoni mpaka saa kumi na moja. Nilimwomba anieleze upya, nami niandike kwa Kiswahili, kisha anisahihishe. Alishangaa kidogo, akakubali. Nilipoandika ovari alisema mgonjwa hatalielewa. Nilipoandika kifuko cha mayai alisema ni sawa, mradi niongeze kwamba viko viwili, kimoja kila upande, na kwamba viko nje ya mji wa mimba. Hilo ndilo neno nililolisisitiza: nje. Nilimuuliza kama upasuaji unaweza kumtoa mtoto. Hakunificha. Alisema hatari ipo ingawa ni ndogo katika wiki hizo, na kwamba hatari ya kutofanya kitu ni kubwa zaidi. Niliandika yote mawili. Nilikuwa nimemaliza kozi nzima ya nadharia za tafsiri mwaka huo, na nakiri kwamba ulinganifu wa kidhima ulinisaidia chini ya vile nilivyotarajia. Ukosefu wa istilahi haukuwa ndio kikwazo kikubwa. Kikwazo kilikuwa kwamba mtu mzima hawezi kuambiwa na mwanawe habari za mayai yake.

Mama alikuwa amekuja na kuku, kama ilivyo desturi ya Waluhya, ili shemeji anywe mchuzi. Alikuwa mtetea aliyehukumiwa kwa kosa la kula mayai yake mwenyewe. Jioni ile, Gatina, nilimchinja, mama akampasua juu ya karai, na pale ndani, kando ya uti wa mgongo, upande wa kushoto, palikuwa na kile kishada cha viini vya manjano, kimoja kikubwa karibu ya kutagwa, vingine vidogo kama punje za mtama. Nilimuuliza mama kiitwacho. Akanitajia jina la Kinyore ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni.

“Cha pili kiko wapi?” niliuliza.

“Cha pili kipi? Kuku ana kimoja.”

Naam, kuku ana kimoja. Karibu ndege wote hukuza ovari ya kushoto peke yake, na ya kulia hubaki alama tu. Mama, ambaye amepasua kuku kwa zaidi ya miaka 40, alilijua hilo kuliko kitabu chochote. Nilimweleza kwamba mwanamke anavyo viwili, kwamba kilichovimba ni cha kulia, kwamba kishada si mahali yai linapokalia bali ni mahali linapotoka, na kwamba nyumba ya mtoto haitaguswa na kisu. Alikigeuzageuza kile kishada kwa ncha ya kisu kwa muda.

“Na huyu kwa kimoja ametaga kila siku,” alisema. Kisha, akiwa bado ameinama: “Basi binadamu amewekewa cha akiba.”

Asubuhi alikwenda mwenyewe kitandani kwa shemeji, wakazungumza Kinyore, mimi nikiwa nje kwenye veranda ambako ndiko mahali pangu. Fomu ilitiwa sahihi kabla ya chai ya saa nne. Sikuwaambia kwamba hatari imekwisha, wala mama hakuuliza.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi kwa saa tatu. Kaka yangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akiwa na sare na rungu lake. Ili nisiitazame saa ya ukutani, nilisoma kwenye simu habari za mwanamke Mmarekani aitwaye Jane Todd Crawford, ambaye mwaka 1809 alidhaniwa kuwa na mimba ya mapacha iliyopitisha siku zake. Daktari Ephraim McDowell alimpima akaona si mimba, ni uvimbe wa ovari, akamwambia kwamba hakuna aliyewahi kuutoa mtu akapona, lakini kwamba yuko tayari kujaribu. Mama huyo alisafiri kwa farasi yapata kilomita 96 hadi Danville, Kentucky. Akapasuliwa siku ya Krismasi, bila dawa ya usingizi kwa kuwa ilikuwa haijavumbuliwa, huku akiimba zaburi. Uvimbe ulikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Ilichukua dakika 25. Siku ya tano alikutwa akitandika kitanda chake, na akaishi hadi mwaka 1842. Nilimsomea kaka kwa Kiswahili. Aliuliza jambo moja tu, kama wale mapacha walikuwapo. Nikasema hawakuwapo. Nadhani sote wawili tulimkumbuka bibi wa Makina, na hatukumlaumu. Mikono yake ilikuwa imekosea palepale ilipokosea mikono ya madaktari wa Kentucky.

Shemeji alitoka akiwa amelazwa ubavu wa kushoto, ili uzito wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Usiku ule muuguzi alimwekea kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akamwita mama yangu asikilize. Mama alisema unakimbia kama farasi. Sijui farasi alimtoa wapi; mimi sikuwa nimemsimulia.

Jibu la maabara lilichukua wiki tatu. Ilikuwa saratani. Jina lake ni disijeminoma, nayo ni nadra. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na ndiyo maana, kati ya saratani za ovari, ni miongoni mwa zile zinazokutwa katika mimba. Hutokana na zilezile seli mama za mayai, na ina ndugu yake kwa wanaume, seminoma, inayoota kwenye korodani. Ya shemeji ilikuwa haijatoka nje ya ovari, na kwa hali hiyo zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Daktari alisema hatahitaji tibakemikali, ila kufuatiliwa kwa karibu. Alituongezea, nami sikutarajia kusikia hivyo, kwamba hata ingekuwa imesambaa, baadhi ya dawa hizo hupewa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza na mtoto akazaliwa salama.

Mama aliniuliza kwa neno moja: “Kensa?” Nikajibu ndiyo. Wapo waliotaka nimwambie ni uvimbe tu. Lakini lile neno uvimbe lilikuwa limekwisha kutuchosha. Saratani tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako ni kaa, yule mnyama wa ufuoni, na ndiyo sababu buruji ya nne huitwa Saratani. Kensa tumeipokea kutoka Kiingereza, nacho kikaichukua kutoka Kilatini, ambako pia ni kaa. Kaa huyo huyo amefika kwetu kwa njia mbili. Mitaani kensa ndiyo inayotisha, ilhali saratani husikika kama neno la redioni. Nilimpa mama lile alilolichagua mwenyewe, kisha nikamweleza kwamba kaa alikutwa bado yumo shimoni mwake.

Gharama sitazieleza kwa kirefu. Bima ya NHIF ililipa sehemu, chama cha shemeji kikatoa, ploti nzima ya Gatwekera ikachanga, na kaka bado anadaiwa. Mtoto alizaliwa mapema Januari 2024 kwa njia ya kawaida, msichana wa kilo 3.1.

Ufuatiliaji ndio uliokuwa mgumu. Miadi miwili ilianguka katika mgomo wa madaktari ulioanza katikati ya Machi 2024 na kwisha tarehe 8 Mei, nasi tukalipia picha kwingine. Oktoba mwaka huohuo NHIF iliondoka na SHA ikaingia, na shemeji akajisajili upya kwa simu ya jirani. Tangu ajifungue kipimo cha damu kimeweza kusomwa bila kuvurugwa na mimba, na hadi ninapoandika hakijaonyesha lolote. Shemeji huenda na mtoto mgongoni. Wanawake wa ploti yao humuuliza walichomtoa, naye huwaeleza kwa kuku, kishada, upande wa kushoto, kimoja tu, kila siku yai, ingawa jioni ile ya Gatina yeye alikuwa wadini.